Uzito wa Saini katika Majalada ya Kompyuta

Katika masjala ya karatasi nafasi hupimwa kwa macho. Karani aonapo rafu zimefurika, hujua kuwa wakati umefika wa kuchambua majalada. Katika kompyuta rafu hazionekani, hivyo diski hujaa kimyakimya, na siku ijaapo watu hufuta barua za zamani ovyo. Lakini yawezekana kabisa kwamba kilichoijaza si maneno ya barua hizo, bali ni picha ya saini iliyopachikwa chini ya kila barua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Barua ya ukurasa mmoja ina herufi zipatazo 2,000, na kila herufi huchukua baiti moja. Picha ya saini yenye upana wa inchi 2 na kimo cha inchi 1, ikipigwa kwa nukta 300 katika kila inchi, ina nukta 180,000. Ikiwa ni ya rangi, kila nukta huhitaji baiti 3. Jumla ni baiti 540,000 kabla ya kufinywa. Saini hiyo ina uzito mara 270 kuliko maneno inayoyathibitisha! Ofisi iandikayo barua 10,000 kwa mwaka itatumia baiti milioni 20 kwa maneno, na baiti milioni 5,400 kwa saini. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapo wanaoshauri kwamba picha iwekwe mahali pamoja tu, na barua zote ziielekee hapo. Ushauri huo huokoa nafasi, lakini una hatari kubwa. Mkuu wa ofisi akihamishwa, na picha ya mrithi wake ikawekwa mahali palepale, barua zote za miaka iliyopita zitaonyesha saini ya mtu asiyeziandika. Picha ikifutwa, zitabaki bila saini. Mstaafu anayedai haki yake kwa barua ya namna hiyo atajitetea kwa lipi?

Njia iliyo bora ni kuipunguza picha kabla ya kuipachika. Saini haihitaji rangi: ikiwa nyeusi na nyeupe, kila nukta huchukua biti moja tu, na picha nzima baiti 22,500. Tena, kanuni ya T.6, iliyoidhinishwa mwaka 1984 kwa ajili ya mashine za faksi, huifinya zaidi bila kupoteza hata nukta moja. Kisha barua ihifadhiwe ikiwa imekamilika yenyewe, kama inavyotakiwa na kiwango cha kimataifa cha PDF/A cha mwaka 2005.

Hata hivyo, picha ya saini si ushahidi madhubuti, kwa kuwa yeyote aweza kuinakili. Saini ya kidijitali, inayotokana na hesabu za namba kubwa zilizotangazwa na wanasayansi katika miaka ya 1970, hufichua badiliko lolote katika barua, na yenyewe huweza kuwa ya baiti 256 tu. Nchini Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua saini za kielektroniki.

Kubana nafasi ni jambo jema. Lakini jalada huwekwa ili liseme kweli miaka mingi baadaye, na nafasi iliyookolewa kwa kuipoteza kweli hiyo haina faida kwa yeyote.