Usimtafute aliyekunyima kura

Kuna jambo ambalo limewagombanisha vijana wa mtaani kwetu kwa majuma mawili sasa. Huenda baadhi ya wasomaji wakaliona ni jambo la mchezo tu. Mimi silioni hivyo, na sababu yangu nitaieleza, ingawa inanitia aibu.

Katika banda la video lililo karibu na soko letu vijana wamekuwa wakitazama mashindano ya zamani ya Kimarekani yaitwayo Survivor, na hasa yale yaliyofanyika kwa jirani zetu Kenya mwaka 2001, katika Hifadhi ya Shaba. Kwa wasioyajua, watu 16 waliachwa porini kwa siku 39, wakagawanywa makundi mawili yaliyopewa majina ya Boran na Samburu. Kundi likishindwa katika shindano, usiku hukaa baraza na kumpigia mmoja wao kura ya kumtoa. Baadaye makundi huunganishwa na kila mtu hujitegemea, mpaka wanabaki wawili. Hapo ndipo saba kati ya waliotolewa wanapoketi kama waamuzi na kusema ni nani kati ya wale wawili achukue dola milioni moja.

(Kwa kupita tu, nilicheka nilipoona Wamarekani wale wakipewa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa kama jaribio la kutisha. Wasamburu wenyewe, ambao jina lao liliazimwa, hicho ni chakula chao.)

Sasa vijana wetu wanashikilia kwamba katika mchezo huo anayeshinda ni mwongo hodari kuliko wenzake. Mmoja wao, fundi baiskeli ambaye namheshimu sana kwa akili zake, anasema mshindani aitwaye Lex van den Berghe ndiye aliyestahili kushinda kwa kuwa alikuwa na mbinu kuliko wote, na kwamba alidhulumiwa. Hapo ndipo ninapopingana naye. Lex hakushindwa kwa kukosa mbinu. Alishindwa kwa sababu hakuweza kuivumilia kura aliyopigwa.

Lakini kwanza nimtaje Silas Gaither, maana kosa lake ni jepesi kueleweka. Kundi la Samburu liligawanyika vijana kwa wazee, wanne kwa wanne, na Silas akawa kama mkubwa wa vijana. Vijana wakawapuuza wazee wao, wakawatoa wawili, Carl na Linda, wakadhani mambo yamekwisha. Ghafla waongozaji wakabadilisha watu kati ya makundi, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla ya hapo katika mashindano hayo. Silas akajikuta amehamishiwa Boran pamoja na Frank na Teresa, yaani wazee walewale aliokuwa akiwadharau! Boran wakakubali kushindwa makusudi katika shindano ili wapate nafasi ya kumtoa. Wengine watasema ni bahati mbaya. Mimi nasema kijana yule alihesabu kura za kambi yake tu, hakufikiri kwamba siku moja atahitaji hisani ya mtu wa upande wa pili.

Ama kuhusu Lex, kisa chake ni kirefu kidogo. Makundi yalipokwisha kuungana alitolewa Clarence, lakini usiku ule Lex akasikia na jina lake likisomwa. Alikuwa na wenzake imara, Ethan Zohn, Tom Buchanan na mama mmoja mwalimu mstaafu, Kim Johnson. Hakuna kilichokuwa kimempungukia. Kama angelala, asubuhi angeamka bado ni mwenye nguvu. La hasha! Alianza upelelezi, akamhoji huyu na yule, na mwisho akakata shauri kwamba aliyempiga kura ni Kelly Goldsmith, ambaye walikuwa pamoja Boran tangu siku ya kwanza. Kelly alikana. Lex hakumsadiki. Binti alipoona ameshahukumiwa, akaenda kwa wale wa Samburu kutafuta watu wa kumtoa Lex, naye alikuwa na haki.

Wasomaji wanisaidie kuhesabu. Walibaki watu 9. Kelly akiwa na wanne wa Samburu wanakuwa watano, na watano wanatosha. Lex aliponea chupuchupu, si kwa mbinu yake, bali kwa sababu Brandon Quinton wa Samburu aliwakimbia wenzake akapiga kura upande wa Boran. Kelly akatoka kwa kura 5 kwa 4. (Brandon naye hakupewa asante. Baraza lililofuata walimtoa yeye.) Na ile kura iliyoleta zogo lote hilo ilikuwa ya Teresa. Kelly hakuhusika nayo hata kidogo.

Ndugu Mhariri, nilipoona hayo sikuweza kukaa na vijana, nikaenda nyumbani. Mwaka 1998 nilikuwa mwenyekiti wa chama cha kuweka na kukopa cha walimu katika tarafa yetu. Tuliporudia uchaguzi, kura zilikuwa za vikaratasi, kila mtu aliandika ndiyo au hapana kwa mkono wake. Nilipata ndiyo 41 na hapana 3. Ilinitosha kabisa, lakini usiku ule nilibeba vikaratasi vile vitatu kwenda navyo nyumbani. Mimi ni mwalimu, miandiko naijua. Nilivilinganisha na madaftari ya mahudhurio kwa mwanga wa taa ya chemli mpaka nikajiridhisha kwamba kimoja ni cha mwenzangu mmoja, mtu mpole tuliyefundisha naye miaka saba. Sikumwambia neno. Ila ombi lake la mkopo wa karo nililiweka chini ya mafaili, na mwanawe akakaa nyumbani muhula mzima. Mwenzangu yule alijitoa chamani, na wanachama 11 wakamfuata. Baada ya miaka sita rafiki yangu wa chanda na pete aliniambia akicheka kwamba kile kikaratasi kilikuwa chake, kwa sababu nilikuwa nachelewa mikutanoni. Hadi leo yule mpole hunisalimia tukikutana dukani, na sijapata kinywa cha kumweleza.

Basi fundi baiskeli anaponiambia Lex alikuwa na mbinu, najua anasema nini. Hata mimi nilijiona nina mbinu.

Atanijibu kwamba mbona Ethan naye alimpigia Kelly kura ya kumtoa. Ni kweli. Kura ni ileile, lakini Ethan hakuifanya kesi, hakumwita mtu mwongo mbele ya wenzake. Walipobaki watatu, Kim Johnson, aliyekuwa na umri wa kuwazaa wengi wao, alishinda shindano la mwisho la kustahimili, akawa na uwezo wa kuchagua atakayekwenda naye mbele ya waamuzi. Akamtoa Lex, akaenda na Ethan, naye Ethan akashinda kwa kura 5 kwa 2. Mwalimu mwenzangu yule alikosea, naona. Waamuzi waliokuwa na sababu za kumkasirikia Lex walikuwa wengi kuliko wa kumkasirikia Ethan, kwa hiyo angejaribu bahati yake na Lex. Ni kosa la Colby Donaldson katika mashindano ya Australia mwaka huohuo wa 2001, ambaye alimwacha Keith, mtu ambaye wengi hawakumpenda, akamchukua Tina Wesson, akashindwa kwa kura 4 kwa 3. Hata hivyo makosa ya namna hiyo hayanisumbui. Mtu akipoteza fedha kwa kumtendea mwenzake mema, usiku atalala.

Nakiri pia kwamba Lex alipata kuonewa, ila si na wachezaji. Walipokuwa wanne, swali moja katika shindano la kumbukumbu lilikuwa na kasoro, jibu lake likakataliwa ilhali lilikuwa sahihi, na waandaaji baadaye iliwabidi wamlipe fedha yeye na Tom. Kama fundi anataka kusema dhuluma, aseme hiyo.

Mwaka 2004 Lex alirudi katika mashindano mengine ya wachezaji wa zamani. Rob Mariano alimwomba amnusuru Amber, kwa ahadi kwamba naye atamtunza. Lex akamnusuru Amber, akamtoa Jerri aliyekuwa wa kundi lake, na walipoungana Rob akamtoa Lex mara moja. Safari hii aliamini pasipostahili, kama ambavyo mwanzo alishuku pasipostahili. Alilalamika sana kuhusu urafiki. Nilimtazama nikajiuliza kama katika siku zile alimkumbuka Kelly.

Fundi ameniahidi kwamba ataniandikia jibu katika ukurasa huuhuu. Namngoja. Ila asinijibu habari za hesabu ya kura. Anieleze Lex alipata faida gani kumjua aliyempigia kura, hata kama angempata mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu,
Muheza, Tanga.