Mpira mkubwa hautengenezi barabara

Leo sina habari ya mkutano wala ya bei ya mchele. Nataka tusemezane juu ya jambo ambalo kila mtu analiona barabarani na watu wanalicheka tu: hivi vigari vidogo vinavyopandishwa juu kwa mipira mikubwa, kisha vinajazwa watu kama magunia ya mihogo.

Juma lililopita nilisimama kwa kwado mmoja karibu na soko. Kulikuwa na Toyota IST, imeinuliwa juu ya mawe. Mwenye gari, kijana wa bidii, alikuwa amenunua janti mpya na mipira minne, yote mikubwa kuliko ile gari ilizaliwa nayo. Akaniambia kwa furaha: “Papa mwandishi, sasa matope yataniogopa.” Waliosimama pale wakampongeza. Mama mmoja aliyetoka upande wa Walikale, mtoto mgongoni, akamuuliza bei ya kufika Lubutu. Kijana akamtajia, kisha akaongeza: “Imepanda kidogo, mama. Sababu ya mipira.”

Mama alinyamaza, akarudi kukaa juu ya mzigo wake. Mimi nilirudi nyumbani na lile neno, “sababu ya mipira”, na mpaka leo halijanitoka. Ndiyo maana ninaandika.

Nasema wazi tangu mwanzo. Mipira hii haifanyi kazi tunayodanganyana kwamba inafanya. Inahatarisha watu. Na ubaya mkubwa zaidi, inawapa nafasi ya kulala wale wenye wajibu wa kutengeneza barabara.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina chama wala kabila.

Tazameni ubavu wa mpira wa gari. Pameandikwa namba. Ile IST ilitoka kiwandani na mpira wa 185/65R15. Maana yake ni hii: upana ni milimita 185, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na janti ni ya inchi 15. Ukijumlisha yote, gurudumu zima lina kimo cha sentimita 62 hivi. Mpira mpya wa yule kijana ulikuwa 205/65R16. Huo unafika sentimita 67. Watu wanasema: haya, gari limepanda sentimita 5! Hapana. Gari linabebwa na katikati ya gurudumu, si na kilele chake. Nusu ya nyongeza iko chini ya katikati, nusu nyingine iko juu, na ile ya juu haiinui kitu. Kwa hiyo gari limepanda sentimita 2 na nusu tu. Upana wa vidole viwili hata haufiki.

Sasa niambieni, ninyi mliopita njia ya Lubutu au ya Kindu baada ya mvua: yale mashimo tunayoyajua yanafika wapi mguuni? Kwenye goti, na mahali pengine yanapita goti. Kijana ametoa akiba yake yote, pengine na deni juu yake, ili kununua vidole viwili mbele ya shimo la goti.

Tena kila mtu wa Maniema anajua baiskeli, kwa hiyo hili mtalielewa haraka. Ukiwa na bidoni za mafuta ya mawese nyuma na kilima mbele, gurudumu likiwa kubwa zaidi, mguu unachoka zaidi. Injini ni vilevile. Gurudumu la sentimita 67 mahali pa lile la 62 linapunguza nguvu inayofika chini kwa karibu asilimia 8. Na IST nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Weka watu tisa na mizigo, uzito wote unakaa nyuma, pua ya gari inakuwa nyepesi, mnafika mlimani, magurudumu ya mbele yanazunguka bure na kuchimba kaburi lao wenyewe. Mpira mpana nao, kama hauna meno marefu, udongo wetu mwekundu unajaza mistari yake yote, na unabaki laini kama kipande cha sabuni.

Hiyo ni hasara ya mwenye gari. Tuje kwenye hatari ya abiria.

Breki hazikubadilishwa. Ni zilezile ndogo, na sasa zinashika gurudumu kubwa na zito zaidi. Kama injini imepoteza asilimia 8, breki nazo zimepoteza sehemu hiyohiyo. Saa ya mwendo nayo inadanganya: ikionyesha kilomita 60, gari linakwenda 65. Dereva anafikiri ana nafasi ya kusimama, na hana. Mpira ukigusa bodi wakati wa kukata kona, mafundi wetu wana dawa mbili. Ya kwanza ni kukata bodi kwa msumeno. Ya pili ni kuweka vipande vya chuma au vya mpira juu ya springi ili gari lipande zaidi. Gari hilo sasa limesimama kama mtu aliyevaa viatu vya kisigino kirefu kwenye matope. Viungo vya usukani na vya ekseli vinafanya kazi katika pembe ambayo havikutengenezwa kwa ajili yake, vinakula haraka, na siku kiungo kikitoka, hakuna dereva hodari. Pakia mizigo juu ya paa, uone litakavyoyumba darajani, mahali ambapo daraja lenyewe ni magogo manne.

Na nani anakuwa ndani? Si wakubwa. Wakubwa wana jipu, na njia ikikataa kabisa wanangoja ndege. Ndani ya kile kigari wanakaa mama mjamzito anayepelekwa hospitali, mfanyabiashara wa chumvi, mwalimu anayefuata mshahara wake, na familia iliyokimbia. Tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, na zaidi tangu vita vya M23 vilipofika Walikale Machi ya mwaka huo, watu wengi walishika njia ya Lubutu na kuingia Maniema. Walitembea kwa miguu siku nyingi. Mtu wa namna hiyo akipata kiti ndani ya gari, hata kama ni robo ya kiti, anashukuru Mungu. Hawezi kuuliza habari ya breki. Ndiyo sababu sisi tunaoweza kuuliza tunalazimika kuuliza kwa niaba yake.

Najua jibu la wenye magari. Nimelisikia na nina haki ya kulirudia bila kulipindisha. Wanasema: “Wewe unaandika tu, sisi tunalala njiani. Bila mipira mipya gari halitoki. Serikali haiji. Tufanye nini?” Neno hilo lina ukweli ndani yake. Mimi simchukii yule kijana. Yeye ndiye anayebeba wagonjwa usiku wakati simu ya mkubwa imezimwa. Na mpira mpya ni kitu kizuri sana, kuliko ule uliokwisha mpaka waya zinaonekana. Kama pesa zipo, anunue mipira mipya ya namba ileile ya gari lake, yenye meno ya matope. Meno ndiyo yanayoshika udongo, na mpira mwembamba mara nyingi unakata tope laini mpaka unafika chini penye ugumu. Abadilishe na viatu vya breki, kwa sababu gari linalotembea na haliwezi kusimama ni jeneza lenye taa.

Tena awe macho, kwa maana hata “mpya” si mpya kila mara. Ubavuni mwa mpira kuna namba nne za mwisho ndani ya alama ndogo ya duara lefu. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2314, mpira huo ulitoka kiwandani juma la 23 la mwaka 2014, hata kama unang’aa. Mpira uliozeeka unapasuka ubavuni kama ngozi ya mguu wakati wa kiangazi. Vijana wa kwado, ninyi mnazijua namba hizo. Muwaambie wateja kabla hawajalipa.

Lakini hata tukinunua mipira bora ya dunia nzima, jambo la tatu linabaki, na hilo ndilo linaloniuma.

Barabara yetu haiuawi na gari dogo. Inauawa na maji. Maji yakikosa mtaro, yanalala katikati ya njia. Lori linapita, linafanya mfereji. Mvua ya pili inajaza mfereji. Lori la pili linachimba tena. Mchezo wote ni huo. Wazee wetu wanakumbuka kantonie: watu wa kijiji wenye jembe, sururu na kipande chao cha barabara, wanafungua mitaro na kukata majani kabla shimo halijawa ziwa. Wanakumbuka pia bariere ya mvua: mvua ikinyesha, malori yanasimama mpaka udongo ukauke. Jembe, mtaro na subira ya saa chache vilitosha. Hakuna aliyehitaji janti ya inchi 16.

Mtu asituambie kwamba nchi haina mpango. Office des Routes iko tangu 1971. FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara, uliundwa kwa sheria mwaka 2008, na unakula kwenye mafuta ya gari: kila anayenunua esansi, hata yule wa chupa kandokando ya njia, amechangia. Programu ya maendeleo ya maeneo 145 inahesabu maeneo yote ya nchi, na Punia ni moja kati ya hayo. Juu ya hayo yote kuna bariere za leo, ambazo hazingoji mvua, zinangoja noti. Dereva analipa hapa, analipa pale, na yeye anamgeukia mama wa Walikale: imepanda kidogo, mama.

Angalieni basi jinsi mzigo unavyotembea. Mwenye wajibu wa barabara ameutua kwa dereva. Dereva amenunua mipira, ameutua kwa abiria. Abiria hana wa kumtulia. Na kila mara tunapompigia makofi kijana aliyepandisha gari lake, tunamwambia mwenye wajibu: lala tu, papa, sisi tumekwisha kujipanga. Tumegeuza deni la serikali kuwa ujanja wa mtu mmoja. Leo ni mipira. Kesho tutasema asiye na jipu asiugue.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne, na ninayataja kwa wanaohusika.

Wenye magari: bakini kwenye namba ya gari lenu. Msikate bodi, msiweke vyuma juu ya springi. Mpira wa namba 88 unabeba kilo 560, si zaidi, na gari la viti vitano si basi. Pesa mliyotaka kuongeza kwenye janti, wekeni kwenye breki.

Wanaosimamia bariere: kila kizuizi kiwe na karatasi inayoonekana, yenye bei na jina la ofisi inayopokea. Na kila mwezi tuambiwe redioni ni kiasi gani kimeingia na ni mita ngapi za mtaro zimechimbwa kwa pesa hizo. Kizuizi kisichoweza kujibu swali hilo kiondolewe.

Wakubwa wa eneo na wa jimbo: rudisheni kantonie, mwalipe kwa wakati, na rudisheni bariere ya mvua kwa malori mazito. Kamati za vijiji za kutunza barabara tunazijua. Zimekosa majembe na posho, hazijakosa mikono. Na safari moja tu kwa mwaka, acheni jipu na ndege, pandeni kile kigari mkiwa watu tisa.

Na sisi raia: salongo si aibu ya zamani. Mahali ambapo maji yanakatisha mbele ya nyumba yako, fungua mtaro. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tusifanye salongo kwa kunyamaza; tufanye tukiwa na daftari, tuandike siku, mahali na idadi ya watu, ili atakayekuja kusema “tumetengeneza” tumwonyeshe nani alishika jembe.

Ndugu zangu mliokimbia, msifikiri kwamba jambo hili ni la wenyeji tu. Njia iliyowaleta ndiyo itakayowarudisha siku amani ikija, na ndiyo ileile inayoleta dawa na chumvi wakati mnangoja. Mnayo haki ya kuuliza dereva: breki zake zikoje? Tuko wangapi? Kama anakasirika, shukeni, na mwiteni mtu wa jirani awe shahidi.

Jana nilipita tena kwa yule kwado. IST ilikuwa imeondoka. Mama wa Walikale alikuwa bado pale, amekaa juu ya mzigo wake, mtoto amelala. Alikuwa anahesabu noti zake mara ya pili, na hazikutosha.

Ni mimi, mwandishi wenu wa hapa Punia.