Kocha na apige hodi

BARAZANI na Mwanakhamis Haji Vuai

Wiki ya usajili wa mwaka wa kwanza, kocha wa kikapu wa chuo utamjua kwa macho yake. Vijana wamepanga foleni na bahasha za vyeti, yeye anatafuta vichwa vilivyowazidi wenzao. Mrefu mmoja akishakabidhiwa risiti ya ada tu, anavutwa pembeni: "Umewahi kucheza kikapu?" Akijibu hapana, jina linaandikwa vilevile.

Siwalaumu sana makocha hawa, urefu una soko lake. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, alianza mchezo huu akiwa na miaka 15, na haukupita muda akawa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, chini ya kocha Jim Calhoun. Mita 2.21! Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kati ya chipukizi wote walioingia NBA. Wa tatu alikuwa James Harden, ambaye kwa kimo hamfikii hata kidogo. Harden akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018, wakati Thabeet alishaondoka NBA tangu 2014. Nampenda Hasheem na najivunia njia aliyoifungua, ila hesabu ndiyo hiyo.

Kwa kina Calhoun kuna jengine la kuiga. Kule kocha wa chuo humfuata mtoto angali skuli, akamtazama mechi baada ya mechi, kisha akaenda kuketi na wazazi wake. Kazi hiyo ina uchafu wake pia: mwaka 2011 Calhoun mwenyewe alifungiwa mechi tatu kwa makosa ya kumsaka mchezaji mwengine, si Thabeet. Sisi bado hatujafika huko. Kocha wetu hamsaki mtu, anangoja aletewe na foleni.

Aende viwanjani alasiri, Mjini na Ng'ambo hapa Unguja, akakae hata kwenye tofali. Pengine wa kuchukuliwa ni yule mfupi mwenye mdomo, anayewapanga wenzake kwa kelele, na akipokonywa mpira hasimami kulalamika bali anarudi mbio kuzuia. Kwenye foleni ya ada huyo haonekani.

Kwa wasichana, hodi kwa wazazi ndiyo kazi yenyewe. Zamani kisingizio kilikuwa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, lililokuwa likikataza hijabu kwenye mashindano yake. Kanuni ikabadilishwa Mei 2017 na kuanza kutumika Oktoba mwaka huo. Kisingizio hicho kimekwisha. Aliyebaki ni mzee wa Kikwajuni au Makunduchi, naye hana habari na FIBA. Akishamkaribisha kocha na kumtilia chai, atamuuliza mazoezi yanamalizika saa ngapi, mwanamke gani mtu mzima yuko pale na wasichana, na binti yake atarudi na nini magharibi ikiingia.

Kocha akijibu "inshallah tutaangalia", basi amemkosa mchezaji, na mzee yuko sahihi. Aje na saa kamili, aje na mwalimu wa kike aliyefuatana naye hadi barazani. Na kwa chuo kilichoko Tunguu, gari ya kuwarudisha wasichana mjini itengewe fedha mwanzo. Jezi mpya zinaweza kungoja mwakani.