Dogo, mguu wa kushoto ni wa krosi, si wa klachi

Dirisha la usajili likifungwa, dirisha la magari linafunguliwa. Dogo amesaini mkataba wa miaka miwili, pesa ya usajili imeingia, wiki mbili baadaye picha ipo Instagram. Ameegemea gari jipya. Jipya kwake, maana kule Japani mwenye nalo wa kwanza alishalichoka. Hapo mashabiki wanaanza kazi yao. Hawaulizi bei. Hawaulizi bima. Wanauliza kitu kimoja tu: manyuo au oto?

Akijibu oto, amekwisha. "Hilo gari la michezo au la kupelekea watoto shule?" "Mwanaume mzima anaendeshaje oto?" Dogo anasoma, anaumia kimya kimya. Mwenzake anayefuata kununua anajifunza kitu. Anaagiza manyuo. Siyo kwa sababu anaitaka, bali kwa sababu anatuogopa sisi.

Tuambiane ukweli. Kwa mchezaji ambaye bado yupo uwanjani, gari la michezo lenye gia za otomatiki ndiyo chaguo la mtu mwenye akili. Na nasema hivi nikiwa mtu ninayeipenda manyuo. Nilijifunzia pikapu yenye gia ndefu kama mwiko wa ugali, na mpaka leo naona raha ya kuingiza gia mwenyewe haina mfano. Lakini raha yangu mimi mwandishi ni kitu kimoja, na kazi ya beki wa kushoto ni kitu kingine.

Tuanze na kasi, maana hiyo ndiyo kete ya kwanza ya wazee wa kijiweni. Wanasema mwenye klachi ndiye anayekwenda mbio, oto ni ya wavivu. Ilikuwa kweli zamani. Mwaka 1989 Ferrari walipeleka Brazil gari lao la Formula One, modeli ya 640, ambalo dereva alikuwa anabadilisha gia kwa vidole, kwa vishikio vilivyowekwa nyuma ya usukani. Kwenye majaribio lilikuwa linasumbua, na wengi walijua halitamaliza. Nigel Mansell akashinda. Ilikuwa mbio yake ya kwanza akiwa na Ferrari. Mwaka 1997 mfumo huo ukashuka mpaka kwenye gari la barabarani, F355. Baada ya hapo klachi ya mguu ikaanza kutoka mlango wa nyuma taratibu.

Leo Bugatti Chiron, gari ambalo Cristiano Ronaldo analo nyumbani, lina giaboksi ya gia saba yenye klachi mbili, na chini ya usukani kuna pedeli mbili tu. Kuna mtu wa kijiweni yuko tayari kumwambia Ronaldo anaendesha gari la kupelekea watoto shule?

Tazama namba. Porsche 911 GT3 iliyotoka 2021 iliuzwa kwa aina zote mbili. Yenye otomatiki ya klachi mbili inatoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 3.4. Yenye gia za mkono inatumia sekunde 3.9. Toyota Supra mpya ya lita tatu ni hivyo hivyo, otomatiki sekunde 4.3, manyuo 4.6. Hakuna uchawi hapo. Kwenye giaboksi ya klachi mbili, klachi moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine inashika ya pili, ya nne na ya sita. Ukiwa gia ya tatu, ya nne imeshaandaliwa. Ni kama winga wa akiba ambaye amepasha misuli, amevaa jezi, amesimama kwenye mstari anasubiri kibao kiinuliwe. Mkono wa binadamu hauwezi kufanya mabadiliko haraka hivyo.

Kwa hiyo kwenye kasi wazee wamefungwa. Lakini hawajafungwa mechi yote, na hapa lazima niwatendee haki.

Mwaka 2013 Porsche walitoa GT3 isiyo na gia za mkono kabisa. Hesabu ilikuwa upande wao, otomatiki ilikuwa na kasi zaidi. Wapenzi wa gari hilo wakanuna. Mwaka 2016 kampuni ikatoa 911 R, manyuo tupu, magari 991 tu, na watu wakayagombania. Mwaka 2017 GT3 ikarudishiwa gia za mkono. Toyota nao hivyo hivyo. Supra ilirudi sokoni 2019 ikiwa otomatiki peke yake, mashabiki wakapiga kelele miaka mitatu, na 2022 manyuo ikaletwa.

Kwa nini mtu alilie gari ambalo linachelewa? Kwa sababu ile ile inayotufanya tuende uwanjani. Soka lingekuwa matokeo tu, tungekaa nyumbani kusubiri ujumbe wa simu. Tunataka kuona pasi, kanzu, chenga, kosa na marekebisho yake. Manyuo inampa dereva nafasi ya kucheza, na nafasi ya kuboronga pia. Ukiachia klachi vibaya gari linazima mbele ya watu. Ukiipatia, ni wewe uliyeipatia, siyo kompyuta. Hata magari ya umeme yameanza kuitamani hali hiyo. Hyundai Ioniq 5 N halina gia za kubadilisha, lakini waliolitengeneza wameliwekea mfumo wa kuigiza gia, na mshtuko wake na mlio wake.

Majirani zetu wa Kenya wanaijua hadithi hii kupitia Safari Rally. Kuanzia 2022, magari ya daraja la juu ya ubingwa wa dunia wa rali yaliondolewa kishikio cha gia cha nyuma ya usukani na kurudishiwa mti wa gia, gia tano, dereva anavuta na kusukuma kwa mkono. Lengo lilikuwa kupunguza gharama na kurahisisha magari. Kalle Rovanperä alishinda Naivasha mwaka huo huo na Toyota yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mti, vumbi la unga likiingia mpaka puani. Hakuna aliyelalamika kwamba mchezo umeharibika.

Sawa. Manyuo ina heshima yake. Tatizo siyo gari, tatizo ni nani analinunua na analipeleka wapi.

Mchezaji wetu halipeleki Naivasha. Analipeleka mazoezini Bunju, au Chamazi, au Kigamboni. Anakaa Sinza. Anayeijua foleni ya Mbagala saa kumi na moja jioni hahitaji kuhadithiwa. Unasogea mita tano, unasimama. Kila kusogea ni klachi chini, gia ya kwanza, klachi juu, breki, klachi chini tena. Saa nzima mguu wa kushoto unapiga hodi. Na huo ni mguu ambao asubuhi umepiga krosi arobaini kocha akihesabu.

Sisemi klachi inavunja goti. Daktari yeyote wa timu angenicheka. Nasema mguu uliotoka mazoezini unataka kupumzika, na kiti cha dereva kwenye foleni ya manyuo siyo mahali pa kupumzikia.

Halafu kuna siku ambayo hakuna mchezaji anataka kuifikiria. Goti la kushoto limegeuka, machela imeingia, upasuaji umefanyika. Ligi inaendelea bila yeye. Kuanzia hapo maisha yake ni chumba cha mazoezi ya viungo, kwenda na kurudi, wiki baada ya wiki. Mwenye gari la manyuo amekwisha, maana mguu wa klachi ndio huo ulioshonwa. Mwenye otomatiki, daktari akisharidhika, anaweza kurudi barabarani mapema zaidi, kwa sababu mguu wa kushoto hauna kazi ndani ya gari lile. Akiumia wa kulia hiyo nafuu haipo, wote wawili wanasubiri. Lakini nusu ya bahati mbaya ukiweza kuikwepa, kwa nini uikumbatie?

Na tunajua kinachotokea kwa mwenye manyuo akiwa amelala. Funguo anachukua rafiki wa kitaani. Siku ya kwanza anampeleka dogo kliniki. Siku ya pili anachelewa. Wiki ya tatu hapokei simu, na gari linaonekana Mikocheni usiku likiwa limejaa watu. Dogo anaenda kliniki kwa bodaboda, goti lina nyuzi, au haendi kabisa. Mchezaji anayeruka siku za kliniki anarudi uwanjani amechelewa, na mkataba wa miaka miwili haumsubiri mtu. Kipaji kinapotea hivyo, kwa vitu vidogo ambavyo haviandikwi kwenye ripoti ya mechi.

Sasa rudisha ile hoja ya kasi. Sheria yetu inasema sehemu wanazoishi watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Trafiki yupo na tochi yake nyuma ya mwembe. Matuta yapo kila baada ya kituo. Nusu sekunde ambayo Porsche moja inamwacha mwenzake utaitumia wapi, kati ya Mwenge na Morocco? Kwenye barabara hizi GT3 na Vitz wanafika pamoja. Ndiyo maana nasema ugomvi wa kasi ni wa kwenye simu tu. Chagua kwa kuangalia mguu wako na njia yako.

Ila dogo, usitoke hapa ukakimbilia oto yoyote. Oto siyo moja. Kuna ya mtindo wa zamani, inayopitisha nguvu ya injini kwenye mafuta maalumu kabla haijafika kwenye gia. Hiyo inavumilia foleni, na za siku hizi zina kasi pia. Supra inatumia ya aina hiyo, gia nane. Kuna ya klachi mbili, tamu sana barabara ikiwa wazi, lakini kwenye foleni klachi zake zinafanya kazi ya kusogeza gari kidogo kidogo na zinapata moto. Ikiharibika inataka fundi mwenye kompyuta, siyo yule wa chini ya mti. Kuna isiyo na gia za kuhesabu, kama iliyopo kwenye Subaru WRX S4. Inakwenda laini, lakini wengi waliozoea kusikia gia ikiingia wanaiona imepoa.

Kwa hiyo unapoagiza gari, usiulize oto au manyuo tu. Uliza oto ya aina gani, mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini, na fundi wa kuitengeneza yuko wapi hapa mjini. Manyuo nayo ina gharama zake. Klachi pleti inaisha, na kwenye foleni yetu inaisha haraka kwa dereva anayelishikilia gari kwenye mlima kwa klachi badala ya breki.

Na kitu kingine. Kununua oto siyo sababu ya kutojua manyuo. Jifunze. Nenda shule ya udereva, fanyia manyuo, upate leseni kamili. Ukipata timu Uingereza, kule ukifanya mtihani wa leseni kwa gari la otomatiki huruhusiwi kuendesha la manyuo. Mchezaji anatakiwa ajue miguu yote miwili hata kama anapiga kwa mmoja.

Kwetu mashabiki nina neno fupi. N'Golo Kanté alikuwa bingwa wa England, akafika Chelsea, na bado alikuwa anakwenda mazoezini na Mini yake. Hakuna kiungo pinzani aliyewahi kumpokonya mpira kwa sababu gari lake lilikuwa dogo. Uanaume wa mchezaji hauko kwenye mti wa gia. Na kina dada wanaoendesha malori ya manyuo kupandisha Kitonga wanaisikia ile kejeli ya "gari la kike", wanacheka tu.

Siku ya kutundika daluga itafika, dogo. Siku hiyo tafuta Altezza RS200, ile ya gia sita za mkono. Ishike Jumapili asubuhi, barabara ya Bagamoyo ikiwa bado imelala, ingiza ya tatu, isikilize injini ikipanda. Utakuwa umeipata raha ambayo wazee wa kijiweni wanaisema, na mguu utakuwa wako peke yako. Kwa sasa mguu huo tuna hisa wengi: klabu inayokulipa, kocha aliyekuamini, mama yako kijijini, na sisi tuliokata tiketi.