Dawa ya Moto ni Moto

Wahenga walisema: dawa ya moto ni moto. Laiti wakuu wa misitu wa Marekani wangaliizingatia hekima hiyo mapema, yamkini maelfu ya miti mikongwe ya sekwoya ingalikuwa hai mpaka leo.

Mti huo huota kwa asili mahali pamoja tu duniani, yaani miteremko ya magharibi ya milima ya Sierra Nevada, katika jimbo la California. Baadhi yake imeishi zaidi ya miaka 3,000. Gome lake, ambalo laweza kufikia unene wa sentimita 60, ni ngao dhidi ya moto. Tena joto la moto huyafumbua matunda yake magumu, yakamwaga mbegu juu ya udongo uliosafishwa. Kwa hiyo moto mdogo ndio mkunga wa sekwoya.

Wenyeji wa asili walilijua jambo hilo, nao walikuwa wakichoma ardhi yao kwa kipimo. Walowezi walipoitwaa nchi, sheria ya California ya mwaka 1850 ikawaadhibu wachomao mbuga. Baadaye, kwa miongo mingi, kila moto ulizimwa mara ulipoonekana. Matokeo yake ni nini? Majani makavu, matawi na miti midogo vilirundikana chini ya miti mikubwa, na ukame wa 2012 hadi 2016 ukaongeza miti mikavu. Radi ilipowasha moto mwaka 2020, na tena mwaka 2021, ndimi zilipanda mpaka vileleni. Wataalamu wanakadiria kwamba mioto ya miaka hiyo miwili iliua asilimia 13 hadi 19 ya sekwoya kubwa zote.

Wako wanaopinga uchomaji wa mpango kwa sababu ya moshi, na kwa hofu kwamba moto utawaponyoka wachomaji. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini na wautazame msitu wa Giant Forest, uliochomwa kwa mpango kwa miongo kadhaa. Moto wa 2021 ulipoufikia ulipungua nguvu, wazima moto wakaumudu, na mti wa General Sherman, ulio mkubwa kupita yote duniani kwa ujazo, ukasalimika.

Hapana budi, basi, serikali ya Marekani itoe fedha na watu wa kuifanya kazi hiyo kila mwaka, tena kwa kushirikiana na wenyeji walionyang'anywa ujuzi wao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa tena. Mti wa miaka 3,000 hauna fundi.