Hujui kuprogramu? Programu huria bado zinakuhitaji

Hapa Kivu na Ituri, ukimuona kijana anaingia kambi ya wakimbizi wa ndani na simu mkononi, anauliza familia ina watu wangapi na inachota maji wapi, mara nyingi yuko kwenye KoboCollect. Watu wanaiita Kobo tu. Wengi wanaitumia bila kujua kwamba ni programu huria: yaani maandishi yaliyoitengeneza yako wazi, na kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyanakili na kuyarekebisha. Walio wachache zaidi ni wale wanaojua kwamba mtu anaweza kuisaidia programu hiyo iwe nzuri zaidi bila kuandika hata mstari mmoja wa kuprogramu.

Mimi naona tunapoteza nafasi kubwa. Kijana aliyetumia programu miezi sita vijijini, juani, betri ikibaki kidogo, anajua mambo ambayo mhandisi aliyeitengeneza hayajui. Lakini ujuzi huo unaishia kwenye malalamiko ya jioni, wakati wa kurudisha simu ofisini.

Aliyekosea si lazima awe mjinga

KoboToolbox ilianzishwa na watafiti waliokuwa Harvard, Marekani. KoboCollect yenyewe imetokana na ODK Collect, mradi uliozaliwa Chuo Kikuu cha Washington, huko huko Marekani. Ni watu wenye nia njema, na kazi yao inatusaidia bure. Lakini hakuna mhandisi anayeweza kukaa mezani kwake akaona kioo kilichopasuka kinavyosomeka saa sita mchana, wala namna mama asiyezoea kompyuta anavyoelewa neno lililo kwenye kitufe.

Kwetu, mtu akishindwa na programu, wa kwanza kulaumiwa ni yeye. Tunasema hakusoma, ama hakufuata mafunzo. Tuangalie jambo moja. Katika KoboCollect, kuhifadhi fomu na kuituma ni hatua mbili tofauti. Hiyo ina faida, maana inakuwezesha kufanya kazi mahali pasipo mtandao. Lakini mgeni anaweza kumaliza maswali yote, akahifadhi, akaamini kwamba fomu imefika ofisini, kumbe ingali ndani ya simu. Simu ikiibiwa njiani, majibu ya familia ile yamepotea. Siku ya kugawa msaada, hakuna atakayeuliza kitufe kilikuwa kimeandikwa nini. Baba wa familia ataambiwa tu kwamba jina lake haliko kwenye orodha.

Chukua pia neno la Kifaransa "enregistrer". Lina maana ya kuhifadhi, kurekodi sauti, na kuandikisha mtu. Mtu anayefanya kazi ya kuandikisha familia akikutana na neno hilo kwenye skrini, ataelewa lipi? Na tukiweka Kiswahili, "hifadhi" ni sahihi vitabuni, lakini katika maongezi ya kila siku hapa kwetu tunasema kuchunga. Lipi litaeleweka haraka zaidi na mama wa Masisi? Jibu halipatikani Harvard. Linapatikana kwa kumpa yule mama simu na kumtazama.

Watu watano wanatosha

Kazi hiyo ya kutazama watu wakitumia programu ina wataalamu wake duniani, na wanalipwa kwa kuifanya. Lakini mlango wake hauna ngazi ndefu. Mwaka 2000, mtaalamu Jakob Nielsen aliandika kwamba ukiwajaribu watu watano tu, utagundua sehemu kubwa ya matatizo ya programu. Kwa hesabu yake, karibu asilimia 85. Watu watano unawapata kwenye barabara yako kabla ya saa nne.

Chagua programu huria unayoitumia wewe mwenyewe. Inaweza kuwa Kobo, LibreOffice, Firefox, ama DHIS2 ambayo wizara yetu ya afya inaitumia kukusanya taarifa za vituo vya afya. Andika kazi tatu au nne za kweli, kwa mfano: "Jaza fomu hii, kisha hakikisha imefika ofisini." Usimtajie kitufe, maana hapo umemwonyesha njia. Mpe simu, mwombe aseme kwa sauti anachofikiri, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Akikwama, kidole chako kitawasha kutaka kumwonyesha. Mwache. Pale alipokwama ndipo unapopatafuta. Mwambie tangu mwanzo kwamba unapima programu, si yeye.

Na jambo moja la lazima: tumia fomu ya majaribio yenye majina ya kubuni. Majina ya wakimbizi, namba zao na mahali wanapolala si vitu vya kuchezea, na katika mkoa wenye vita vinaweza kumtia mtu hatarini. Picha yoyote ya skrini utakayoituma nje iwe haina habari ya mtu yeyote.

Namna ya kufikisha habari

Miradi mingi huria hupokea taarifa za matatizo kwenye GitHub ama kwenye jukwaa la watumiaji. Tafuta kwanza kama tatizo lako limeshaandikwa. Likiwepo, ongeza uliyoyaona huku. Hilo peke yake ni msaada. Kama halipo, andika taarifa fupi, tatizo moja kwa taarifa moja: mtu alitaka kufanya nini, alifanya nini, kikatokea nini, ni wangapi kati ya watano waliokwama hapo. Taja aina ya simu na toleo la programu. Usiandike "programu hii ni mbaya". Andika "watu wanne kati ya watano waliamini fomu imetumwa". Sentensi ya pili mhandisi anaweza kuifanyia kazi.

Kiingereza kisikutishe. Sentensi fupi zenye makosa ya sarufi zinaeleweka, na picha inasema mengi. Jua pia kwamba hutajibiwa siku hiyo hiyo, na pendekezo lako linaweza kukataliwa kwa sababu nzuri. Wakikuuliza maswali, jibu. Wengi wanatuma taarifa moja kisha wanapotea, na tatizo linabaki palepale.

Na sisi tutafaidika nini?

Najua swali hili litakuja, na ni la haki. Mega tunanunua kwa pesa yetu, na kijana asiye na kazi hawezi kufanya kazi ya bure mwaka mzima. Lakini taarifa zako zinabaki wazi kwa jina lako, na mwajiri yeyote anaweza kuzisoma. Kuna pia mpango wa Outreachy, unaotoa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu, kwa mbali na kwa malipo, kwenye miradi huria. Mradi wa GNOME umewahi kuwapokea wanagenzi wa mpango huo kwa ajili ya kupima urahisi wa programu zake.

Lawama yangu naipeleka pengine. Mashirika yanayotumia programu hizi bure katika mikoa yetu yangeweza kuwapa wakusanyaji wa data nusu siku ya kulipwa mwishoni mwa kila mradi, waandike mahali walipokwama. Ni gharama ndogo sana. Na vyuo vyetu vya informatika, ambako kila mwaka wanafunzi wanaandika TFC juu ya programu ya kusimamia duka la dawa ambayo hakuna duka litakaloitumia, vikubali basi TFC ya aina nyingine: mwanafunzi awatazame wauguzi watano wakijaza ripoti ya mwezi, aandike matatizo, ayafikishe kwa watengenezaji, na aonyeshe walichojibu.

Mwanafunzi anayetafuta somo la TFC mwaka huu, somo ndilo hilo. Na wewe unayerudisha simu ya mradi wiki hii, kabla hujaifuta, andika kwanza mambo matatu yaliyokusumbua.