Gogonia: Rangi Kali Hula Mtaji

Katika soko la matumbawe hai la Marekani, wanunuzi wa rejareja hukimbilia gogonia nyekundu na za manjano. Huko ni kutupa fedha. Nyingi za rangi hizo hazina mwani mwilini. Hutegemea kulishwa mara kadhaa kwa siku, na katika tangi la nyumbani hufa njaa polepole, muuzaji akiwa keshalipwa.

Mali ya kuwekea mtaji ni zile za kahawia na zambarau kutoka Karibi, kama Eunicea na Plexaura, ambazo mwani ulio ndani yake huzilisha kwa nguvu ya mwanga. Zinataka taa kali na maji yaendayo kasi. Zikijifunga siku kadhaa ili kujivua ngozi, mgeni hudhani zimekufa, akazitupa! Tawi likikatwa na kugandishwa kwenye jiwe huwa shina jipya la kuuza.

Florida imepiga marufuku kuvuna zenye umbo la kipepeo cha mkono. Nyinginezo kikomo ni mashina 70,000 kwa mwaka. Vipande vilivyokuzwa tangini havingoji kikomo hicho.